Jenereta ya akiba ya mafuta ya kula: kuiunda na kuiendesha bila kuua injini

Injini ya dizeli huchoma mafuta ya karanga, ya alizeti, ya soya, hata yale yaliyokwisha kukaangia, na si jambo la jana. Kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1900, kampuni ya Otto iliwasha injini ndogo ya dizeli kwa mafuta ya karanga, na Rudolf Diesel mwenyewe alieleza mwaka 1912 kwamba ilifanya kazi laini kiasi kwamba watu wachache tu waligundua. Kwa hiyo anayekuambia haiwezekani hajui, na anayekuambia mimina tu kwenye tangi uwashe atakuulia injini.

Kuwaka si tatizo. Tatizo ni uzito wake. Yakiwa na nyuzi 40 za Selsiasi, mafuta ya kula yana mnato wa karibu mara kumi ya dizeli. Nozeli, yaani kipulizio cha mafuta kwenye silinda, iliyotengenezwa kwa ajili ya dizeli ikipewa mafuta mazito namna hiyo hutema matone badala ya ukungu. Tone haliungui lote. Linaacha masizi kwenye ncha ya nozeli na kwenye ringi za pistoni, na kinachobaki hushuka ukutani mwa silinda hadi kwenye oili. Injini itakuridhisha wiki za mwanzo, uanze kujisifu, kisha ringi zigande na oili igeuke ute.

Jenereta ya akiba ndiyo iliyo hatarini kuliko mashine nyingine yoyote, kwa sababu huwashwa ikiwa baridi, ikafanya kazi kidogo, ikazimwa. Ndiyo maana mashine nitakayoieleza hapa ina matangi mawili: inawaka kwa dizeli, inahamia mafuta ya kula ikishapata moto, na inarudishwa kwenye dizeli kabla ya kuzimwa. Kama kwenu umeme hukatika kwa dakika ishirini na kurudi, acha mradi huu. Nunua dizeli. Mafuta ya kula yanalipa pale giza linapodumu saa nyingi na wewe una mahali pa kupata mafuta yaliyotumika bila kulipia au kwa bei ya kutupa.

Kuchagua injini

Tafuta injini ya dizeli ya kizamani, ya polepole, inayopozwa kwa maji, yenye chemba ya pembeni. Chemba ya pembeni ni ile ambayo mafuta hupuliziwa kwanza ndani ya kijumba kidogo kilicho kwenye kichwa cha injini, hewa ikiwa inazunguka kwa kasi, ndipo moto unatoka kwenda kwa pistoni. Kijumba hicho hubaki na joto kali na nozeli zake zina tundu kubwa, kwa hiyo huvumilia mafuta mazito. Injini zinazopuliza moja kwa moja juu ya pistoni kupitia vitundu vidogo vingi huziba mapema zaidi. Zile za kisasa zenye pampu ya shinikizo kubwa inayoongozwa na kompyuta usiziguse kabisa.

Mbili zinatajwa sana na wanaojenga mashine hizi. Ya kwanza ni Lister CS ya Kiingereza, na nakala zake zilizoendelea kutengenezwa India: silinda moja iliyosimama, flaiwili (magurudumu mazito ya kutuliza mzunguko) mbili kubwa, nguvu ya farasi 6 kwa mizunguko 650 tu kwa dakika. Ni nzito mno, inahitaji kitako cha zege, lakini hudumu. Ya pili ni S195 ya Kichina, silinda moja iliyolala, yenye hopa, yaani tangi la wazi la maji ya kupozea, juu yake, nguvu ya farasi 12 kwa mizunguko 2000 kwa dakika. Vipuri vyake vinapatikana sehemu nyingi na fundi yeyote wa mashine za kusaga ameishaifungua. Mimi ningechukua hii ya pili, kwa sababu moja nitakayoieleza kwenye kupasha moto: hopa yake.

Angalia pia pampu ya nozeli. Iwe ile ya pistoni, ambapo kila silinda ina pistoni yake ndogo ya kusukuma. Pampu za mzunguko, zinazotumia kichwa kimoja kugawia silinda zote, hulainishwa na mafuta yenyewe yanayopita ndani, na zikipewa mafuta mazito ya baridi shafti yake hukatika.

Kabla ya kununua iliyotumika, zungusha hendeli polepole bila kuvuta lifti ya kupunguza kompresheni, ile inayofungua vali ili hewa isibanwe ndani ya silinda. Inapaswa kukugomea vizuri na kukurudisha nyuma. Ikipita laini, ringi au vali zimechoka, na injini ya kompresheni dhaifu haina joto la kutosha kuchoma mafuta ya kula hata ukiyachemsha.

Altaneta, puli na mikanda

Kanuni ya mafundi ni nguvu ya farasi mbili kwa kila kilowati moja ya altaneta, yaani kile kichwa kinachozungushwa na injini kutoa umeme. Kwa S195, altaneta ya kilowati 5 inatosha na inabakiza pumzi. Usishawishike kufunga ya kilowati 10 "ili iwe na akiba": haitapata nguvu ya kuizungusha.

Altaneta ya ncha nne lazima izunguke mara 1500 kwa dakika kutoa umeme wa hezi 50, au mara 1800 kwa hezi 60. Injini yako huenda isipende kasi hiyo hiyo, kwa hiyo puli ndizo zinazopatanisha. Hesabu ni hii: zidisha kasi ya injini kwa kipenyo cha puli yake, kisha gawa kwa kasi unayotaka ya altaneta. Injini ikizunguka 1800 na puli yake ni milimita 150, unapata 270,000. Gawa kwa 1500, puli ya altaneta iwe milimita 180. Tumia mikanda ya V ya saizi B, miwili au mitatu sambamba, ya kundi moja ili ivute sawa.

Fremu ni kazi ya kawaida ya kuchomelea: chuma cha U, altaneta ikae kwenye mashimo marefu ili iweze kusogezwa kukaza mikanda, na vitako vya mpira chini. Pangilia puli kwa kunyoosha uzi kwenye nyuso zake. Uzi uguse ukingo wa puli zote mbili, mbele na nyuma. Kisha funika mikanda kwa wavu wa chuma. Usiiwashe hata mara moja ya kujaribu kabla ya wavu huo kuwapo. Mkono wa shati ukinaswa kwenye puli, hakuna muda wa kufikia swichi.

Kuandaa mafuta

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na ndipo pa kutumia muda wako. Mafuta unayotaka kuchoma yawe masafi, makavu na yasiwe yamechoka.

Anza kwa kuchagua. Mafuta yaliyokaangia mara nyingi mno huwa meusi, mazito na yenye harufu kali. Hayo yameanza kuungana yenyewe kuwa kama vanishi na yana asidi inayokula pampu. Yakatae hata yakiwa ya bure. Mafuta yanayoganda, kama ya nazi, ya mawese au ya wanyama, yatakuzibia bomba siku ya baridi. Nazi huganda karibu nyuzi 24. Mafuta ya kitani nayo usiyatumie, kwani hukauka na kuwa utando mgumu, na ndiyo sababu yanapendwa kwenye rangi. Mafuta ya karanga na ya rapa (kanola) hukauka polepole kuliko ya alizeti na ya soya, kwa hiyo ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua hayo.

Maji ni adui kuliko makombo. Makombo huzuiwa na chujio. Maji hupita na kuipa pampu kutu. Weka mafuta kwenye pipa lililosimama, lenye koki mbili: moja chini kabisa ya kutolea uchafu, nyingine kama sentimita 10 juu ya kitako ya kuchukulia mafuta. Yapashe hadi nyuzi 60 hivi, zima moto, uyaache yatulie siku kadhaa, wiki ikiwezekana. Maji na matope hushuka. Yafungulie kupitia koki ya chini mpaka yaanze kutoka mafuta yasiyo na ukungu. Usiyachemshe kufikia nyuzi 100 ili "kukausha haraka": maji yaliyo chini ya pipa yakigeuka mvuke hulipuka na kurusha mafuta ya moto juu.

Kujua kama yamekauka, tia kijiko kimoja kwenye kikaango kikavu, uvae miwani ya kazi, upashe. Yakipata moto kupita nyuzi 100 na yakakaa kimya, yamekauka. Yakitoa mlio wa kupasuka-pasuka au viputo kutoka chini, bado yana maji, yarudi pipani.

Kisha chuja. Kitambaa kizito cha suruali ya jinzi huondoa makombo. Baada yake tumia mfuko wa chujio wa maikroni 10 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), halafu wa 5, na ukiweza wa 1. Unywele wa mtu ni kama maikroni 70, kwa hiyo usiamini jicho lako: mafuta yanayong'aa kwenye chupa bado yana kitu. Na kuna jambo ambalo wengi hulifanya kinyume. Hupasha mafuta ndipo wachuje, kwa kuwa yakiwa moto yanapita upesi. Lakini mafuta ya moto yanabeba ndani yake shahamu iliyoyeyuka, inayopita kwenye chujio na kuganda baadaye ndani ya tangi lako. Chuja yakiwa kwenye joto lile lile ambalo yatahifadhiwa. Yatadondoka usiku kucha, yaache yadondoke.

Yahifadhi kwenye vyombo vilivyojaa hadi shingoni, vimefungwa, gizani. Hewa, mwanga na maji ndivyo vinavyoyaozesha. Yaliyokaa zaidi ya miezi michache yapime tena kwenye kikaango kabla ya kuyatumia.

Vitambaa vilivyolowa mafuta usivirundike pembeni. Mafuta ya mimea yakikutana na hewa kwenye kitambaa hutoa joto yenyewe, na rundo likishikilia joto hilo linaweza kuwaka bila kiberiti. Vitandaze vikauke nje au vitie kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko.

Mabomba na matangi

Shaba haitakiwi mahali popote mafuta ya kula yanapopita. Inayachochea yaungane na kuacha ute wa kahawia. Mabati yenye zinki vilevile si mazuri. Tumia alumini au stenlesi. Mipira ya kawaida hulainika na kuvimba baada ya muda, hasa penye joto, kwa hiyo nunua ile ya kuhimili mafuta, na penye joto zaidi ile ya Viton kama utaipata. Nati na klipu zibane kwa makini: mafuta ya moto hupenya pale ambapo dizeli haikuwahi kuvuja.

Tangi la dizeli linaweza kuwa dogo, lita 5 zinatosha. La mafuta ya kula liwe kubwa zaidi. Yote mawili yainuliwe nusu mita au zaidi juu ya pampu ili yashuke yenyewe, kwa kuwa injini hizi ndogo nyingi hazina pampu ya kuvutia. Bomba la mafuta ya kula liwe pana kuliko la dizeli, milimita 10 hadi 12 kwa ndani, na kila tangi liwe na chujio lake.

Sasa koki ya kubadilishia. Ni koki ya njia tatu, yenye mpira wa chuma ndani, na mahali unapoiweka ni muhimu kuliko ubora wake. Chukua jenereta inayobeba kilowati 4: itakunywa kama lita 1.6 kwa saa, yaani mililita 27 kwa dakika. Ukiiweka koki kabla ya chujio la nusu lita linalotumiwa na mafuta yote mawili, siku ya kuzima itabidi dizeli ijaze chujio zima kwanza, na kwa kasi hiyo ni karibu dakika 19 za kusubiri. Hakuna atakayesubiri. Utazima mapema, na asubuhi pampu itakuwa imejaa mafuta baridi. Lakini ukiiweka koki baada ya machujio, sentimita 30 tu kutoka kwenye pampu kwa bomba la milimita 8, kilichobaki kusukumwa ni mililita 15 na kile kilicho ndani ya pampu. Dakika tano za kuendesha kwa dizeli zinatosha na zinabaki.

Nozeli nayo hurudisha matone machache kupitia bomba la marejeo. Usiyarudishe kwenye tangi lolote. Yaingize kwenye chupa ndogo iliyofungwa vizuri, uimwage kwenye pipa la kutulizia kila ikijaa. Hivyo mafuta ya kula hayaingii kwenye tangi la dizeli kwa mlango wa nyuma.

Kupasha moto

Watu hudhani wanahitaji hita kubwa. Piga hesabu: lita 1.6 kwa saa, kuzitoa nyuzi 25 hadi 85, ni kama wati 50. Ni joto dogo kuliko la balbu ya zamani. Kazi ngumu ni kulifikisha pampuni bila kupotea njiani.

Hapo ndipo hopa ya S195 inapolipa. Maji yake huchemka yakiwa kazini, kwa hiyo una bafu la nyuzi karibu 100 wakati wote, bila umeme na bila themostati. Kunja bomba la stenlesi au alumini la mita mbili hadi tatu kuwa koili, litumbukize ndani ya hopa, liingie na kutoka kwa juu. Liwe kipande kimoja, lisiwe na kiungo chochote chini ya maji. Kiungo kikivuja utapata maji kwenye pampu. Kutoka koili kwenda kwenye koki liwe fupi iwezekanavyo, na lifungwe sufi ya kuzuia joto pamoja na koki yenyewe. Chujio la mafuta ya kula ukilibana ubavuni mwa hopa litapata joto bila gharama nyingine.

Kwa injini yenye radieta, tumia kibadilishio joto cha sahani (maji ya moto hupasha mafuta kupitia sahani nyembamba bila kuchanganyika) kwenye mpira wa maji ya moto, kisiwe kile kilichochomelewa kwa shaba.

Gundisha kipima joto kwenye bomba karibu na pampu. Unataka nyuzi 70 au zaidi hapo. Chini ya hapo usibadilishe koki, hata kama injini inasikika nzuri.

Umeme: sehemu isiyo na mchezo

Kama hujafunga umeme wa nyumba hapo awali, hii mpe fundi mwenye leseni. Nitakueleza tu cha kumdai.

Kati ya gridi, jenereta na nyumba kuwe na swichi ya kubadilisha ya nafasi tatu: gridi, katikati hakuna kitu, jenereta. Ikate waya wa moto na nyutro kwa pamoja, na iwe haiwezekani kabisa kuunganisha vyanzo viwili kwa wakati mmoja. Kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi ya dume pande zote mbili ni kuua. Umeme wako utatoka kwenye mita, utapanda kwenye transfoma ikifanya kazi kinyumenyume, na fundi wa laini aliyeshika waya akidhani umezimwa atakutana na maelfu ya volti.

Altaneta iwe na saketi breka ya ukubwa wake, kifaa cha kukata umeme unaovuja cha miliampia 30, na fimbo ya ardhi iliyozamishwa vizuri. Namna ya kuunganisha nyutro na ardhi inategemea kanuni za nchi yako, na ndipo fundi anapostahili ujira wake.

Kuiwasha mara ya kwanza

Saa za mwanzo, ziwe kumi au zaidi, tumia dizeli peke yake. Unataka kujua kama kuna kasoro ya injini kabla hujaanza kulaumu mafuta.

Jenereta iwe nje, mbali na madirisha, ekzosi ielekee kusikokaliwa. Harufu ya vyakula kutoka kwenye ekzosi inapumbaza watu. Gesi ya monoksidi ya kaboni imo humo humo na haina harufu. Usiiwashe kamwe ndani ya gereji hata mlango ukiwa wazi.

Ukishika hendeli, kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, usikizungushie. Injini ikipiga nyuma hendeli itakuponyoka; gumba likiwa limezungushiwa litavunjika. Vuta lifti ya kompresheni, zungusha mpaka flaiwili ipate kasi, achia lifti, na hendeli itoke yenyewe.

Bila mzigo, yaani kabla hujawasha kifaa chochote, rekebisha gavana (kidhibiti kasi cha injini) mpaka kipimo kisome hezi 52 kwa mfumo wa 50. Mzigo ukija itashuka hadi 50 au 49, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Volti zisome karibu na 230, au zile za mfumo wenu. Anza na mizigo isiyoharibika kirahisi: birika, pasi, hita. Friji na televisheni zisubiri mpaka uone volti hazipandi na kushuka. Kumbuka mota ya friji au ya pampu ya maji huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida inapoanza, kwa hiyo iwashe moja baada ya nyingine. Taa kucheza-cheza kidogo ni tabia ya silinda moja. Kwa mizunguko 1800 silinda inalipuka mara 15 tu kwa sekunde.

Weka ubao bapa karibu na mdomo wa kuvutia hewa. Ikitokea injini ikashika kasi yenyewe na kukataa kuzimwa, funga mdomo huo kwa ubao. Usitumie kiganja.

Utaratibu wa kila siku

Washa kwa dizeli. Ipe mzigo mapema, kwa sababu injini isiyobeba kitu haipati moto. Maji ya hopa yakianza kutoa mvuke na kipima joto kikipita 70, geuza koki. Sikiliza: mlio hubadilika kidogo, unakuwa mzito na wa taratibu zaidi, na moshi unapaswa kubaki hauonekani. Moshi mweupe baada ya kugeuza maana yake ni baridi. Rudi kwenye dizeli. Mweusi ni mzigo kupita kiasi au nozeli iliyochafuka. Wa buluu ni oili inayoungua.

Ukiwa kwenye mafuta ya kula, mzigo usiwe chini ya nusu ya uwezo. Taa tatu na chaja ya simu haziwezi kuipa joto silinda, na huko ndiko ringi zinakogandia. Usiku ukiwa na mzigo mdogo, rudisha kwenye dizeli au zima na utumie betri uliyoichaji mchana. Matumizi yatakuwa juu kidogo kuliko ya dizeli, kwa kuwa lita ya mafuta ya kula ina nishati pungufu kwa asilimia chache.

Dakika tano hadi kumi kabla ya kuzima, geuza koki kwenye dizeli huku mzigo ukiwa bado upo. Kisha ondoa mzigo, iache ipoe dakika mbili, zima. Bandika maelezo haya kwenye fremu kwa maandishi makubwa, maana siku ambayo haupo atakuja mtu azime tu. Akifanya hivyo na injini ikapoa, usilazimishe hendeli. Geuza koki kwenye dizeli, mimina maji ya moto kwenye hopa, legeza nati ya bomba la pampu utoe mafuta mazito mpaka dizeli ionekane, kaza, ndipo uwashe.

Matunzo

Oili ibadilishwe kwa nusu ya muda ulioandikwa na mtengenezaji. Kama anasema saa 100, wewe fanya 50. Pima oili kwa dipstiki, kile kijiti cha kupimia, kila kabla ya kuwasha. Oili ikipungua ni kawaida ya injini. Ikiongezeka, mafuta ya kula yanashuka kupita ringi, na unaibadilisha siku hiyo hiyo. Isugue kati ya vidole: ikinata na kuvutika kama nyuzi, imeanza kugeuka, na hapo isafishwe yote pamoja na chujio lake.

Toa nozeli baada ya saa 100 za kwanza uitazame. Masizi makavu mepesi yanayopanguswa kwa kitambaa si kitu. Ukikuta kaboni ngumu imejenga ua kuzunguka tundu, joto la mafuta halikutosha au mzigo ulikuwa mdogo. Peleka nozeli ikapimwe mnyunyizo, na wewe utafute chanzo kabla hujairudisha. Usichokonoe tundu kwa waya wa chuma. Tumia brashi ya shaba kwa nje tu. Weka nozeli ya akiba na machujio mawili ya kila aina rafuni.

Kila mwezi, hata kama umeme haujakatika, iwashe saa nzima chini ya mzigo wa kweli, kwa mafuta yote mawili, ukifuata utaratibu ule ule. Ukijua itakaa muda mrefu, miezi mitatu au zaidi, toa mafuta ya kula yote kwenye tangi na chujio lake, upitishe dizeli kwenye koili, na uache mabomba yamejaa dizeli.